Kulipwa mshahara hakukunyimi ovataimu

Wengi hudhani ukilipwa mshahara usiobadilika huna haki ya ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada. Hapana ndugu, Marekani mshahara huo peke yake haukuondolei ovataimu. Sheria ya shirikisho inataka mambo mawili kwa pamoja: ulipwe angalau dola 684 kwa wiki (35,568 kwa mwaka), na kazi yako hasa iwe ya uongozi, utawala au taaluma. Kikikosekana kimoja, kila saa baada ya ile ya 40 kwa wiki inalipwa mara moja na nusu ya malipo yako ya kawaida ya saa. Mimi naandaa mishahara kazini, na hapa ndipo naona watu wakipoteza haki zao.

Wanaoumia zaidi ni mameneja wasaidizi wa maduka na migahawa. Mtu analipwa 700 kwa wiki, beji imeandikwa meneja, lakini kutwa yuko kaunta au anapanga bidhaa kwenye rafu. Cheo hakihesabiwi, kinachotazamwa ni kazi anayoifanya. Na mwenye mshahara wa 650 kwa saa 40, akifanya 50, anadai karibu dola 244 zaidi kwa wiki hiyo.

Walimu, madaktari na mawakili kiwango hiki cha 684 hakiwahusu. Hawana ovataimu hata mshahara ukiwa mdogo. Wahudumu wa nyumba za wazee wanaolipwa kwa saa nao hakiwagusi, ovataimu ni yao tayari.

Kiwango kilipanda hadi 844 Julai 2024, mahakama ya shirikisho huko Texas ikakifuta Novemba mwaka huohuo, kikarudi 684. Ila angalia na jimbo lako: California mwaka 2025 ilitaka 68,640 kwa mwaka.