Muulize Nahodha: Kisiwani siku tatu, maji ya siku sita

*Nahodha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Mimi na wenzangu watatu tumenunua kayaki mbili za mtumba, kila moja ya watu wawili. Likizo hii ya Saba Saba tunataka tushuke Kilwa Kivinje, tuvuke hadi visiwa vya Songosongo, tulale siku tatu kwenye kisiwa kisicho na watu. Hatutaki hoteli wala banda. Tuna hema, tuna jiko la gesi, na wote tunajua kuogelea. Je, tumepungukiwa na nini?*
*Mwalimu, Tabata*

Marahaba, mwalimu. Mmepungukiwa na miezi mitano.

Julai ni kusi. Kutoka Kivinje kwenda Songosongo unaelekea kaskazini mashariki, kilometa ishirini na kitu, na upepo wa kusi utawasukuma ubavuni na mgongoni. Mtafika mkicheka. Mtapiga picha, mtawatumia jamaa, mtasema kumbe wazee wa pwani wanatutisha bure. Siku ya nne mtageuza vichwa vya kayaki mrudi, na kusi lile lile litawangoja usoni. Mkondo nao haupo upande wenu, maana mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Hapo kafi unalitia majini, unavuta, unatazama kisiwa nyuma yako, kipo pale pale. Kuogelea hakutawasaidia kitu. Mtu anayejua kuogelea katikati ya mkondo amechelewa kuchoka tu.

Nimekaa baharini miaka thelathini na mitano, na wageni wengi niliowaona wakipata shida hawakupata shida kisiwani. Waliipata siku ya kurudi, kwa sababu mmoja wao alikuwa na kazi Jumatatu. Bahari imechafuka, mwenye chombo anasema tungoje, mgeni anatazama saa. Kwa hiyo ukimwomba mkuu wako wa shule ruhusa, mwambie unarudi Alhamisi, hata kama nia yako ni kurudi Jumatatu.

Njooni Desemba mwanzoni shule zikifungwa, kaskazi ikiwa bado changa. Alfajiri bahari inalala, upepo unaamka mchana, na wakati wa kurudi utakuwa mgongoni mwenu. Tazameni utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila siku, kuanzia wiki moja kabla. Wakitangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo ni siku ya kushona nyavu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoijia Mafia, tangazo lilitoka mapema, na aliyesikia alivuta chombo chake juu.

Sasa maji, na hapa naomba unisome polepole. Visiwa vile vidogo ni mawe ya matumbawe na mchanga. Hakuna mto, hakuna chemchemi, na ukichimba kisima unapata maji ya chumvi. Kila tone mtakalokunywa mtakwenda nalo. Sisi tulikuwa tukipiga hesabu ya lita tano kwa mtu kwa siku, pamoja na kupikia, na hapo hakuna kuoga. Ninyi ni wanne. Mmepanga siku tatu, kwa hiyo bebeni maji ya siku sita. Hiyo ni lita 120, madumu sita ya lita ishirini, kilo 120 za maji peke yake. Kayaki zenu haziwezi, na zikiweza zitakaa majini kama gogo. Kodini ngalawa na mwenyewe, ibebe maji na vyakula, iwe pembeni yenu njia nzima. Madumu manne yawe kwenye ngalawa, moja kwenye kila kayaki. Chombo kimoja kikipinduka, kiu isiwapate wote. Dumu liwe na kifuniko chenye mpira wake ndani. Nimeshaona watu wakifika na dumu lililovuja nusu njiani, wakalaumiana mpaka usiku.

Sufuria mtaosha kwa mchanga na maji ya bahari. Ugali tunatia kikombe kimoja cha maji ya bahari kwa vikombe vinne vya maji matamu, na chumvi ya dukani inabaki mfukoni. Ukizidisha hapo, utakunywa usiku kucha maji uliyodhani umeyaokoa.

La pili ni mahali pa kulala. Nina kisa.

Safari yangu ya kwanza ya dago, yaani kambi ya wavuvi, nilikuwa na miaka kumi na minne, nikachukuliwa niwe mpishi. Tulishuka kwenye kisiwa kimoja mwezi tisa, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Ufukweni kulikuwa na mstari wa mwani mkavu, maganda ya nazi na vijiti, alama ya maji yalipoishia. Nikaona nimepata akili. Nikaweka kiroba cha unga na sufuria hatua mbili juu ya ule mstari, nikatandika jamvi langu hapo hapo. Siku zikapita. Kila usiku bahari ilipanda kidogo na mimi sikuhesabu kitu. Mwezi kumi na tano, kabla ya alfajiri, nikaamshwa na mguu uliolowa. Kulikuwa kweupe kwa mbalamwezi. Sufuria ilikuwa inaelea, inagonga mlingoti tuliokuwa tumeulaza pale, ngo, ngo, taratibu kabisa, kama mtu mwenye adabu anabisha hodi. Kiroba cha unga kilikuwa kimekaa wima ndani ya maji. Mjomba aliamka, akatazama, hakunipiga. Akaniuliza neno moja tu: "Leo mwezi ngapi?" Tulikula samaki bila ugali siku tatu.

Ule mstari wa mwani, mwalimu, ni habari ya jana. Nilishuka kwenye maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, halafu bamvua likaja. Kwenye bamvua, mwezi ukiwa mpya au umekamilika, pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Alama ya kuiamini iko juu zaidi: pale magogo ya zamani yaliyogeuka kijivu yanapolala, na majani yatambaayo yenye maua ya zambarau yanapoanza kushika mchanga. Panda juu ya hapo. Hema msilifunge kwa vigingi vidogo vilivyokuja nalo, mchanga hauvishiki. Jazeni kiroba mchanga, kifungeni kamba, kifukieni, na mvute kamba hadi kwenye hema. Kayaki zipandishwe juu mpaka mlipolala na zifungwe kwenye mti. Msifunge kwenye jiwe ambalo mtu mmoja anaweza kulinyanyua.

Maji mafu yana faida yake pia. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne. Mkifika saa nne asubuhi mtakuta mwamba uko nje, na mtabeba kayaki mabegani juu ya mawe makali huku mkikanyaga wale wanyama wadogo wenye miiba mirefu myeusi. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ondokeni Kivinje mwezi nane au tisa, kwa hesabu ile ile ya mwezi wa angani, saa kumi na mbili alfajiri. Kwa mwendo wa kupiga kafi bila pupa mtaingia kisiwani mnamo saa tano, maji yakiwa yamejaa, mnateleza hadi mchangani. Kurudi mwezi wa angani ukiwa kumi na mbili, maji yatakuwa yamepwa asubuhi. Kunyweni chai, ngojeni mwamba ufunikwe, mtoke saa tatu, na mtafika Kivinje na maji yaliyojaa. Kivinje penyewe maji yakipwa ni tope refu, nadhani hamtaki kumaliza safari mkitembea humo.

Nimeliacha neno moja la barua yako mwisho kwa makusudi: "kisiwa kisicho na watu." Mwalimu, hakipo. Huenda hutamkuta mtu siku hiyo, lakini kisiwa kina wenyewe. Tangu enzi za babu zetu wavuvi hupiga dago huko, wanakaa wiki, pengine miezi, wanavua, wanakausha ng'onda, wanarudi. Ukikuta nguzo nne na makuti yaliyochakaa, hilo si banda lililotupwa, ni nyumba ya mtu. Msizichome nguzo zake. Mkiwakuta wenyewe wapo, nendeni mkawasalimu kabla ya kufungua mizigo, mchukue sukari kilo mbili na majani ya chai. Watawaonyesha mahali pasipo na usubi, pa kuingilia chombo, na pengine watawapa samaki changu bila kuulizwa bei. Kabla ya yote hayo, Songosongo piteni ofisi ya kijiji na kwa watu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe, waandike majina yenu na siku mnayotarajia kurudi. Mkipotea, hao ndio wa kwanza kuwatafuta. Kuni okoteni za ufukweni, mikoko msiiguse, sheria inailinda. Na jaketi za kuokolea zivaliwe mwilini tangu mnatoka. Jaketi lililo chini ya mizigo ni mzigo tu.

*Nahodha, tulilala kisiwani upande wa Mafia tukaona usiku kasa amepanda kutaga. Wenzangu walimmulika kwa simu wapige picha, akageuka akarudi baharini. Tulikosea?*
*Msomaji, Mbagala*

Mlikosea, na nashukuru umeuliza. Kasa anapopanda ana hofu kuliko wakati wote, mwanga au nyayo humrudisha majini na mayai yake. Zimeni kila kitu, kaeni chini mbali naye, nyuma yake, mnyamaze. Shimo moja lina mayai mia moja na zaidi, na huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa, kwa hiyo hata mahali pa kuwasha moto pachagueni mbali na mchanga wa juu uliochimbuliwa. Vitoto vikitoka hufuata mwanga, vikiona moto wenu vitaukimbilia mkidhani vimekuja kuwatembelea. Na kwa kuwa mlikuwa Mafia: hifadhi ya bahari ya kule ipo tangu 1995, ina ada na taratibu zake, na mkiwa ndani yake kulala ufukweni ni kwa ruhusa. Safari ijayo anzieni ofisini kwao.

*Mzee wangu, nimechomwa na samaki taa mguuni nilipokuwa nashuka kwenye ngalawa. Wengine walisema nikojolewe, wengine barafu. Kipi sahihi?*
*Kijana, Tanga*

Hakuna hata kimoja. Maji ya moto, kiasi mguu unavyoweza kuvumilia bila kuungua, uuloweke nusu saa mpaka saa nzima na kitu. Moto hupunguza makali ya sumu. Aliyechomwa asipime maji mwenyewe kwa mguu unaouma, apimiwe na mwenzake kwa mkono. Kisha hospitali, maana mwiba hukatikia ndani. Na ukishuka kwenye maji ya magotini, buruta nyayo, usizinyanyue. Taa anasikia mchanga unatikisika, anajiondokea.

*Nahodha, mke wangu hataki kulala kisiwani, anasema usiku mashetani hugonga vyombo. Nimwambie nini?*
*Mume, Bagamoyo*

Mwambie shemeji yangu namsalimia, na kwamba hajakosea kusikia, vinagongwa kweli. Mimi mwenyewe nikishuka kisiwani hupiga hodi, sitaki ubishi na mtu. Ila usiku mmoja nilipochukua kurunzi nikaenda kuangalia, nilikuta kaa wale wadogo wanaobeba nyumba zao mgongoni, kama ishirini hivi, wamepandiana ndani ya sufuria ya wali, na mmoja yuko juu ya mfuniko anateleza. Osha sufuria kabla ya kulala, ifunike, weka jiwe juu.