Maswali ya Wasomaji: Fundi Anataka Nywila ya Nini?

Habari za kazi, wataalamu. Kompyuta yangu mpakato imepasuka kioo. Fundi wa Kariakoo anataka niiache mpaka kesho, na ameomba nywila aiandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya mfuniko. Ndani mna nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja wangu na picha za wanangu. Nimpe? (Dada wa Sinza)

Usimpe, dada yetu. Kubadilisha kioo hakuhitaji nywila, wala kubadilisha kibodi, betri, feni au tundu la chaji. Kioo kipya kikishafungwa, kompyuta ikiwaka tu utaona nembo ya kampuni, kisha ukurasa wa kuingilia. Hapo panatosha kukagua rangi, mistari na mwanga. Hata kibodi hujaribiwa papo hapo kwenye kisanduku cha nywila: fundi anabonyeza herufi moja moja, halafu anagusa alama ya jicho kuona zipi zimeandikika. Akitaka vipimo zaidi, Dell ina vyake ukibonyeza F12 wakati inawaka na HP ukibonyeza F2, na vyote vinafanya kazi nje ya Windows.

Karatasi ya nywila juu ya mfuniko ni hatari kuliko fundi mwenyewe, maana kila apitaye kwenye meza ile ataisoma. Na hofu yako si ya bure. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio lao: walipeleka kompyuta zenye hitilafu ndogo kwenye maduka 16 ya ufundi, zikiwa zimewekewa programu ya kurekodi kila kinachofunguliwa. Katika maduka 6 mafundi walifungua mambo binafsi ya mwenye kompyuta, na katika 2 waliyanakili.

Kwa kuwa una taarifa za watu wengine, tungependa uende mbali zaidi: ibaki na wewe diski, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili yote, kompyuta iende peke yake. Izime huku umeshikilia Shift unapobofya kuzima, ili izimike kabisa badala ya kulala nusu. Mwambie fundi afungue mfuniko wa chini mbele yako na achomoe kwanza waya wa betri kwenye bodi, kwa sababu bisibisi ikigusa pasipotakiwa kukiwa na umeme, bodi inaungua. Diski ya zamani ni ya inchi 2.5, imeshikwa na skrubu pembeni. Ya kisasa kwa kawaida ni kibamba cha milimita 22 kwa 80, chenye skrubu moja tu mwishoni. Piga picha kibandiko cha namba yake, na upige pia cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), maana RAM hubadilishwa kimyakimya ukaja kugundua kompyuta imekuwa nzito. Diski itie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uondoke nayo. Fundi akitaka kuhakikisha kompyuta ni nzima, ataiwasha kwa fleshi yake yenye mfumo wa kuwashia.

Kama ni MacBook ya miaka ya karibuni, diski imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Hapo washa FileVault, kinga ya Apple inayofumba diski isisomeke bila nywila, kabla ya kwenda, na nywila ibaki kichwani mwako.

Yangu haifiki Windows, inazunguka tu. Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Siwezi kuingia kufuta wala kuhamisha chochote. Nifanyeje? (Msomaji wa Temeke)

Kabla ya kupiga Windows, vitu vyako vitoke kwanza. Diski inachomolewa, inatiwa kwenye kasha la USB na kusomwa na kompyuta nyingine. Kaa hapo hapo, na mafaili yaende kwenye diski ya nje uliyokuja nayo, si kwenye kompyuta ya fundi "halafu nitakurushia". Kumbuka kwamba nywila ya Windows haizuii chochote hapa. Diski isiyofumbwa inasomwa yote, folda kwa folda, bila kuulizwa neno.

Iliyofumbwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, ni habari nyingine, na kompyuta nyingi za Windows 11 hujifumba zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Utaombwa namba ya ufunguo yenye tarakimu 48. Itafute kwa simu yako kwenye aka.ms/myrecoverykey kabla hujatoka nyumbani. Tunalisisitiza hili kwa sababu bodi ikibadilishwa na namba hiyo huna, mafaili yamekwenda, na hakuna fundi mjini atakayeyarudisha. Ukimpa namba hiyo, umempa ufunguo wa kila kitu, kwa hiyo iandike mwenyewe kwenye kompyuta.

Fundi akibadilisha diski, dai ile ya zamani hata akisema imekufa. Baadhi ya hizo "zilizokufa" bado zinasomeka.

Nikifuta picha na kusafisha pipa la taka, inatosha? (Kijana wa Mbagala)

Haitoshi. Kwenye diski za kuzunguka, kufuta huondoa jina tu, na programu za bure huzirudisha picha kwa dakika chache. Format ya haraka nayo ni vivyo hivyo. Tena picha si tatizo pekee: kivinjari kimehifadhi nywila zako, na WhatsApp imebaki wazi. Ingia kwenye simu, Vifaa vilivyounganishwa, uitoe kompyuta hiyo. Fanya hivyo na Telegram na barua pepe. Kama hitilafu imo ndani ya Windows, mathalani sauti imepotea, mfungulie fundi akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Kwa akaunti hiyo hafiki kwenye folda zako. Ikifika mahali pa kuomba nywila ya msimamizi, unaiandika wewe.

Nimerudishiwa kompyuta, nikakuta AnyDesk ambayo sikuiweka. (Mama wa Kimara)

Mama, pole. Kwanza kata intaneti kwenye kompyuta hiyo. AnyDesk humwezesha mtu kuona na kuendesha kompyuta yako akiwa mbali, na ikiwekewa nywila yake anaingia bila wewe kubofya kukubali. Pengine fundi aliitumia kazini akasahau kuiondoa, muulize. Wakati huohuo badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia simu, kamwe si kwa kompyuta hiyo, kisha toka kwenye vifaa vyote.

Ukiona dalili kwamba mambo yako yamechukuliwa, usiifute programu bado. Piga picha skrini, tarehe ilipowekwa, na risiti ya fundi, uende polisi upewe RB. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Malalamiko kuhusu matumizi ya taarifa zako yanapokelewa pia na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kompyuta isipigwe Windows upya mpaka wapelelezi waione.