Kabla hujanunua lile gogo la mazoezi

Haupiti mwezi bila kijana kunifuata dukani, hataki marumaru, kasikia tu kwamba yule jamaa alikaa China na anajua kung fu. "Braza, nianzie wapi? Na lile gogo lenye mikono linauzwa wapi?" Nimechoka kujibu kwa mdomo, wacha niandike.

Nilianzia kibanda umiza kama wengi wetu: benchi la mbao, TV ya chogo, Bruce Lee kavua shati. Nilipoanza kushika hela nikajiandikisha kwenye jimu moja, jina nalihifadhi, iliyoahidi mkanda mweusi wa Wing Chun, mtindo mmojawapo wa kung fu, ndani ya miezi sita. Nikalipa yote kwa mkupuo, na mkanda kweli nikapewa. Nilipofika Guangdong, jimbo la kusini mwa China, ndipo nikaambiwa kwamba Wing Chun ya jadi haina mikanda. Ule wangu sasa unafungia mlango wa banda la kuku nyumbani kwa mama.

Kwa hiyo la kwanza: ukiahidiwa mkanda na tarehe ya kuupata, toka na hela yako.

La pili, acha kumtazama Bruce Lee. Mtazame mwalimu wake, Ip Man. Picha zake ni za mzee mwembamba aliyevaa kanzu ndefu ya Kichina. Ukikutana naye sokoni utadhani ni karani mstaafu. Alizaliwa Foshan, mji wa hukohuko Guangdong, mwaka 1893, nyumba ya kitajiri, akasomea pia Hong Kong shule ya Kiingereza. Mwalimu wake wa kwanza, Chan Wah-shun, alikuwa mbadilisha fedha mtaani, na alikuwa ameshazeeka alipompokea mtoto huyo. Kwa miaka mingi Ip Man hakufundisha ili ale, mali ya ukoo ilimtosha.

Kisha vikaja vita na Wajapani, na mwaka 1949 Wakomunisti walipoishika nchi akavukia Hong Kong. Ana miaka 56, mikono mitupu, na mkewe, aliyebaki Foshan, alikuja kufia hukohuko mwaka 1960. Hapo ndipo mtu aliyecheza kung fu kama starehe ya mwenye nacho akaanza kuiuza ili apate kula. Mwaka 1950 alifundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa huko Kowloon, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wahudumu waliotoka kubeba sahani kutwa. Mimi kontena moja tu lilinipotea nikalala kitandani wiki nzima.

Bruce Lee alifika kwake katikati ya miaka ya 1950 akiwa kijana wa shule, na sehemu kubwa ya mazoezi aliipata kwa mwanafunzi mwenzake mkubwa, Wong Shun-leung. Mwaka 1959 akaondoka kwenda Marekani. Ukipiga hesabu ni miaka michache, na silabasi nzima hakuimaliza. Hilo vijana hawapendi kulisikia.

Foshan nilikwenda kwa ajili ya marumaru. Ndiko viwanda viliko. Kutoka Guangzhou unapanda treni ya chini ya ardhi, unashuka kituo cha Zumiao, na ndani ya viwanja vya hekalu la kale lenye jina hilo pana jumba la kumbukumbu ya Ip Man. Mwalimu wangu, hata hivyo, nilimpata bustanini, alfajiri, mzee wa kandambili na chupa ya chai. Kule mwalimu anaitwa sifu. Kwa masikio yetu unaweza kudhani anataka kusifiwa, ila yule mzee sikumsikia akijisifu wala kumsifu mtu kwa miezi kumi na minne.

Kichina changu kilikuwa cha "bei gani" na "punguza kidogo", basi alinifundisha kwa vidole. Unaanza na umbo la kwanza, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, liitwalo Siu Nim Tau, maana yake wazo dogo. Miguu haiondoki ilipo tangu mwanzo hadi mwisho. Magoti yanaelekeana, na kusimama huko kunaitwa kumbana mbuzi. Aliyewahi kumzuia beberu katikati ya mapaja ataelewa mara moja, wengine itawachukua wiki. Kisha mkono unatoka taratibu mno, kiwiko kikiwa kimekaa mbele ya kifua, umbali wa ngumi moja hivi. Mzee alikuwa akiniwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Bega langu likipanda kidogo tu, vidole vinasukuma, mimi napepesuka. "Fong sung," anasema. Legea. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa hiyo tu, na mara mbili niliacha kwenda, nikidhani ananidharau.

Ndiyo maana naliambia kundi la WhatsApp kila siku: video haina vidole. Zoezi la chi sau, la kunatisha mikono, ni vigasha viwili vinasikilizana, na hakuna simu itakayokwambia bega limekaza. Tafuta mtu wa kukugusa. Muulize nani alimfundisha. Watazame wanafunzi wake wa miaka mitano, siyo yeye. Gogo acha kwanza; lina mikono mitatu na mguu mmoja, na ukiliendea na bega lililopanda litakuzoesha kosa hilohilo.

Sasa utaniuliza, na utakuwa na haki: mbona Ip Man mwenyewe alipigwa filamu? Ni kweli. Inasimuliwa kwamba Bruce Lee aliwahi kuomba kumpiga filamu akifanya lile umbo la gogo, akaahidi kumnunulia nyumba, mzee akakataa. Lakini mwaka 1972, saratani ya koo imeshamkondesha, wiki chache kabla ya kufa tarehe 2 Desemba, alijikongoja mbele ya kamera nyumbani kwake akafanya Siu Nim Tau na umbo la gogo. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kubishana juu ya mkono huu unapita wapi. Bado wanabishana, tena kwa kutumia filamu hiyohiyo.

Mimi naitumia kama kioo: nikishafanya zoezi, naitazama kuona wapi nimeharakisha. Yule mzee wa bustanini nilimwomba nimrekodi siku ya kuondoka. Akacheka, akanywa chai, akaniruhusu nirekodi miguu yake tu. Ninayo kwenye simu hadi leo, dakika nne na ushee za kandambili mbili zisizotikisika. Kijana akija dukani namwonyesha hiyo kwanza, kisha namwambia anyooshe mkono.