Ripoti ya Kifua Imetaja Kinundu: Soma Hivi Kabla Hujakata Tamaa

Msomaji mmoja ameniandikia usiku wa manane. Ripoti yake ya siti skani (picha za eksirei za ndani ya mwili zinazounganishwa na kompyuta) inasema ana kinundu cha milimita 4 kwenye pafu la kulia, na usingizi umemruka. Namwelewa, maana yalinikuta.

Ripoti yangu nilipewa dirishani, ndani ya bahasha, bila neno lolote. Nikasoma mwenyewe: kinundu chenye chokaa (yaani madini ya kalsiamu), kovu kwenye ncha ya pafu, na chini yake kijisehemu kisichojaa hewa vizuri. Hadi leo inaniuma kwamba hakuna aliyeniketisha akanieleza. Nilikuwa nikiwatazama wanangu huku moyoni nawaaga.

Daktari wa kifua aliponionyesha picha yenyewe, mambo yalibadilika. Kinundu kilichojaa chokaa chote, alisema, kwa kawaida ni alama ya maambukizi ya zamani yaliyopona, kama kifua kikuu au fangasi, hata kama hukuwahi kujua uliugua. Kovu nalo ni la zamani. Kile kijisehemu huonekana hata kwa mtu aliyevuta pumzi fupi tu akiwa mashineni. Nililia mbele yake, na sioni haya kusema.

Sikilizeni basi. Anayesoma picha huandika kila anachokiona, na mara nyingi hajawahi kukutana nawe. Nenda kwanza kwenye hitimisho la ripoti, ndiko yaliko mambo aliyoyapa uzito. Kisha angalia ukubwa. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, unasema kinundu kigumu kimoja (kinachoonekana kizito kote kwenye picha, si kama ukungu) kisichofika milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani, hakihitaji kufuatiliwa kwa picha nyingine. Kikiwa milimita 6 hadi 8, siti skani hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Lakini mwongozo huo haumhusu aliye chini ya miaka 35, mwenye saratani, wala mwenye kinga dhaifu. Mvutaji sigara naye hupimwa kwa uangalifu zaidi.

Tafuteni picha zenu za zamani, jamani! Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka 2 karibu kila mara si saratani. Msitoke kwa daktari bila kuuliza: ni kipya au cha zamani, na picha ijayo ni lini? Ukikohoa damu au ukikonda bila sababu, usisubiri tarehe hiyo.