Maswali yenu ya HCI: Nutanix, Proxmox, na zile seva mbili za Morogoro

Meseji zimejaa na karibu zote zinaanza na bei ya leseni za VMware (programu ya kugawa seva moja iwe mashine nyingi za ndani, yaani VM), kwaio leo nimechukua sita tu, nimezifupisha na majina nimeyatoa. Wengine msininunie, zamu yenu inakuja.

Kaka, boss karudi semina anataka "HCI". Mi nimezoea seva zangu na SAN pembeni. Tofauti ni nini hasa? (Tanga)

Tofauti ni diski zinakaa wapi. Mpangilio wako wa sasa seva zina prosesa na RAM, data iko kwenye boksi la storeji (ndo hiyo SAN), katikati kuna swichi. HCI (hyperconverged infrastructure) inaling'oa hilo boksi, diski zinaingia ndani ya seva zenyewe alafu programu inazikusanya zote inazifanya kama storeji moja, na kila data inaandikwa kwenye seva zaidi ya moja. Seva moja ikifa, VM zake zinawaka upya kwa majirani. Ndo hivyo tu, semina haikuwa na lingine kubwa.

Ila muulize boss kitu kimoja: ofisini kwenu kinachojaa ni nini? Kama ni diski tu na prosesa zinalala, siku nafasi za diski zikiisha kwenye seva itabidi ununue seva nzima, pamoja na prosesa usizozihitaji, na leseni juu yake. Hapo SAN yako bado ina hoja.

Hospitali yetu ina seva 3, kila moja CPU 2 za kori 12. Leseni ya VMware inaisha. Tubaki, twende Nutanix au Proxmox? (Mwanza)

Poleni. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo wakaacha kuuza leseni za kudumu, sasa ni kulipa kwa muda tu. Inahesabiwa kwa kori (zile sehemu za kazi ndani ya prosesa), na kila CPU, yaani prosesa, inahesabiwa kori zisizopungua 16. Nyie mna CPU 6, ukizidisha kwa 16 ni kori 96. Kori mlizonazo kweli ni 72. Yaani mnalipia kori 24 ambazo hata ukifungua seva na bisibisi huzioni! Sasa msije mkanunua seva mpya zenye CPU za kori 8 mkadhani mmebana matumizi.

vSAN, yaani HCI ya VMware, yenyewe sina ugomvi nayo, ipo tangu 2014 na inafanya kazi, ugomvi ni ankara. Ila kabla hamjahama nendeni kwa aliyewauzia mfumo wa hospitali mumuulize kwa maandishi kama atawapa saporti mkiwa kwenye haipavaiza (programu inayoendesha VM) nyingine. Akisema hapana mazungumzo yanaishia hapo, mnabaki, mnajadili bei.

Nutanix ndo walioifanya HCI ikajulikana, kampuni ya 2009, mashine zao za kwanza ziliingia sokoni 2011. Wana haipavaiza yao AHV iliyojengwa juu ya KVM (haipavaiza ya bure ya Linux), hulipii pembeni. Raha yake ni apgredi, unabonyeza, inahamisha VM, inawasha upya nodi (seva) moja baada ya nyingine, we unakunywa chai. Kero zake mbili. Kwanza kila nodi inaendesha VM ya kusimamia storeji, CVM, nayo inakula RAM, tenga GB 20 hadi 32 kwa kila seva na wakati mwingine zaidi, kwaio seva ya GB 128 tayari imekatwa kipande kabla hujawasha chochote. Pili na wao ni leseni ya muda kwa kori. Bei ya kwanza utapewa tamu sana, sasa we omba bei ya mwaka wa nne iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, uone watakavyoanza kukohoa.

Proxmox ni ya Vienna, ipo tangu 2008, ni KVM na Ceph (programu inayokusanya diski za seva zote) juu ya Debian, aina ya Linux. Programu ni bure, saporti unalipia kwa CPU na sio kwa kori, na tangu 2024 ina sehemu ya kuvuta VM moja kwa moja kutoka ESXi (haipavaiza ya VMware), nimeitumia, kwa VM za Linux ni mteremko, kwa Windows weka draiva za virtio (za diski na mtandao wa KVM) kabla hujahama la sivyo utakutana na skrini ya bluu. Swali la Proxmox ni watu. Saa nane usiku Ceph ikigeuka nyekundu, nani hapo hospitali anaandika `ceph -s` (amri ya kuona hali ya Ceph) na kuelewa anachokisoma? Kama mko wawili idara ya IT na mmoja ndo huyohuyo wa printa, kwangu mimi Nutanix kama bajeti ipo. Kama mna kijana wa Linux na mnamlipa vizuri asikimbie, Proxmox, na hela iliyobaki inunue nodi ya nne.

Alafu jihadharini na bei ya kutupwa ya mitumba. Kuna mtu alinitumia picha ya Cisco HyperFlex, mashine ya HCI ya Cisco, anataka kuichukua. Cisco wenyewe walitangaza 2023 kwamba wanaifunga na wakaingia ubia na Nutanix. Ukiinunua leo unanunua chuma tu.

Mkuu, tumeshauriwa seva 3 zenye TB 8 kila moja. Fundi anasema tutakuwa na TB 24. Ni kweli? (Nairobi)

Fundi kajumlisha vizuri ila kaishia nusu ya hesabu.

Ceph kwa kawaida inaweka nakala tatu za kila kitu, kwaio 24 gawa kwa 3, una 8. Na huwezi kuijaza yote, ikifika asilimia 85 inaanza kupiga kelele, asilimia 95 inakataa kuandika na VM zote zinagota. Hesabu 6.8 kama mwisho wako, mi ningesema 6 ulale usingizi.

Nutanix yenye nakala mbili inakupa 12 kwenye karatasi. Sasa nodi moja ikifa, zile nakala zilizopotea zinatakiwa kutengenezwa upya kwenye mbili zilizobaki, na hizo zina TB 16, gawa kwa 2 ni 8. Ukijaza zaidi ya hapo hazina pa kukaa. Unaona eh? Kwenye tangazo ni 12 dhidi ya 8, kwenye maisha ni karibu kitu kimoja.

Na ukiambiwa "tunabana data mara nne" uliza data ipi. Hati na VM za Windows zinazofanana zinabanika vizuri tu. Video za kamera za ulinzi na picha za JPEG zilishabanwa zamani, hapo hupati kitu.

Kingine kuhusu seva 3 za Ceph: moja ikifa kazi inaendelea ila nakala ya tatu haina pa kwenda mpaka seva irudi. Ukiwa na nne inajitibu yenyewe. Ndo maana nang'ang'ania ya nne.

Shikamoo mzee. Tuna seva 2 tu na boss hataki kununua ya tatu. HCI inawezekana? (Morogoro)

Marahaba, ila mzee nani bana.

Inawezekana lakini lazima awepo shahidi. Seva mbili kebo ya katikati ikikatika, kila moja inadhani mwenzake kafa, zote zinawasha VM zilezile na kuandika, ukija kuziunganisha una vitabu viwili vya mahesabu vinavyobishana. Shahidi ni mashine ya tatu ndogo inayopiga kura tu. vSAN wana mpango huo wa nodi mbili, shahidi anakaa nje ya klasta (kundi la seva). Kwa Proxmox hata kikompyuta cha Raspberry Pi kinatosha kupiga kura, ila Ceph kwa seva mbili usijaribu, tumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski) ya kunakili kutoka huku kwenda kule. Inanakili kila baada ya dakika 15 usipoigusa, unaweza kushusha hadi 1. Maana yake seva ikilipuka mnapoteza zile dakika za mwisho. Mwambie boss kwa lugha yake: risiti za robo saa iliyopita zitaingizwa tena kwa mkono. Akikubali, sawa. Shahidi usimchomeke kwenye UPS ileile ya seva.

SSD za seva bei mbaya, naweza kuweka za laptop kwenye Ceph? (Dodoma)

Nilifanya hiyo dhambi kwa chuo kimoja, mwanzoni naanza kazi hizi. Kwenye majaribio zilikimbia kweli, wahasibu walipoingia wote asubuhi mfumo ukaganda, nikaitwa, nikakaa pale naangalia grafu huku mama wa uhasibu kasimama nyuma yangu na mkoba begani. Sababu niliijua baadae. Ceph inasubiri diski iape kwamba data imefika salama. SSD ya seva ina kapasita ndani, umeme ukikatika ina pumzi ya kumalizia kuandika, kwaio inajibu haraka. Ya laptop haina, kila ikiulizwa lazima iandike mpaka mwisho ndo ijibu, na inachakaa mbio. Tukabadilisha zote, kwa hela ambayo ingenunua za seva tangu mwanzo na chenji ikabaki. Pia mtandao, Gbps 1 haitoshi, anzia 10, na swichi ziwe mbili.

Azure Local vipi, intaneti ikikatika zitazima? (Mombasa)

Hazizimi. Hii ndo ile Azure Stack HCI ya Microsoft, waliibadili jina Novemba 2024. VM zinakaa kwenu, ila klasta inatakiwa kuongea na Azure (wingu la Microsoft) angalau mara moja kila siku 30, ikishindwa VM zilizopo zinaendelea, mpya huwezi kuunda. Mnakumbuka ile Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ikawa ya kuokoteza huku kwetu kote? Kwa siku kama zile ungevuka salama. Kinachouma ni malipo, dola 10 kwa kila kori kwa mwezi, na leseni za Windows za ndani ni hesabu nyingine. Kama tayari mna Windows Server Datacenter, Storage Spaces Direct (ndo HCI ya Windows yenyewe) imo humo tangu toleo la 2016, angalieni hiyo kwanza.

Na huyu wa Mombasa kaongeza kwa chini: "nikiwa na HCI nakala ziko tatu, bakapu ya nini tena?" Ndugu yangu, mtu akifuta jedwali la wateja, linafutika kwenye nakala zote tatu kwa sekunde ileile. Weka bakapu jengo jingine. Proxmox Backup Server ni bure, na mashine kuukuu yenye diski za kutosha inaibeba.