Shangazi Ajibu: Vijana 40 Kulala Shambani Kwale

*Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Majengo, Mombasa. Likizo ya Agosti nataka kuwapeleka vijana 40, wavulana na wasichana wa miaka 12 hadi 16, wakalale siku mbili kwenye shamba kubwa upande wa Kwale. Wenyewe wana mabweni, mahema, kamba za kupanda mitini na bwawa lenye mitumbwi. Picha walizonitumia zinapendeza mno. Wazazi wengine wamefurahi, wengine wananiuliza usalama uko wapi. Niwajibu nini?*
*Ustadh, Majengo*

Waaleikum salaam, Ustadh. Kabla hujawajibu wazazi, nenda kalale huko wewe kwanza. Usiku mmoja tu, bila watoto, na ikiwezekana uandamane na mzazi mmoja katika hao wenye wasiwasi. Picha hupigwa mchana. Shamba utalijua saa nne ya usiku.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Nilipokuwa nikifundisha tuisheni, niliwapeleka wasichana 32 kwenye shamba moja huko huko juu. Kwenye simu niliambiwa kuna bweni. Tulipofika nikaona ni ghala la korosho lililofagiwa. Tukatandika mikeka, tukavumilia. Tangi likakauka kabla ya Isha, tukavumilia pia. Saa nne na nusu binti mmoja akabanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nikakimbilia langoni, nikakuta kufuli. Mlinzi alikuwa amekwenda kulala kwake na ufunguo mfukoni, na basi letu lilikuwa limesharudi Mombasa. Nilikaa nimemwegemeza yule mtoto kifuani, nikihesabu pumzi zake, mpaka kijana wa jikoni alipomleta mlinzi kwa baiskeli, karibu saa sita. Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile, mwenye shamba akianza kunisifia michezo yake, mimi humuuliza kwanza: usiku ufunguo analala nao nani? Na gari lipi linabaki hapa, lina mafuta, na dereva wake yuko wapi?

Akikujibu kwa "usijali, mwalimu", tafuta shamba lingine.

Ukishalala huko, utajua mengine mwenyewe. Utajua kama maji yanafika alfajiri, maana watoto 40 wakitawadha kwa pamoja tangi dogo halitoshi. Utajua choo cha wasichana kiko umbali gani na bweni lao, na kama njia ina taa. Vyandarua uvifungue uvitazame dhidi ya mwanga, kimoja kimoja. Na utaijua baridi. Vilima vile vimeinuka kama mita 400 juu ya bahari, na Agosti usiku una ubaridi ambao mtoto wa Majengo hajauzoea. Kila mmoja abebe blanketi na sweta, hata mama yake akicheka.

Kwenye bwawa, wapande mitumbwi, lakini kuogelea usikubali. Kwale ina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi yaliyotulia na huingia mwilini kupitia ngozi. Maji yanaweza kuonekana safi na bado yakawa navyo. Kwenye mtumbwi kila mtoto avae jaketi la kuokolea lililofungwa sawasawa, hata anayejigamba kuwa anajua kuogelea. Watoto wetu wengi wamezaliwa kisiwani na hawajui kuogelea, jambo ambalo linanisikitisha kila mwaka.

Kamba nazo zishike kwa mkono wako. Jua hula kamba polepole; iliyochoka utaiona imetoa manyoya au imekakamaa. Uliza ilianza kutumika lini, nani huikagua, na akuonyeshe daftari la ukaguzi. Kisha mwambie msimamizi apande yeye kwanza, wewe ukitazama.

Safari yenyewe: ukipitia Likoni, abiria hushuka kwenye basi na kuingia feri kwa miguu, na katika msongamano ule ndimo mtoto hupotea. Wape nambari, 1 hadi 40, waende wawili wawili, na wahesabu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mimi ningezungukia barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia feri, hakuna anayeshuka. Watu wazima wasipungue mmoja kwa kila watoto wanane, na walimu wa kike walale upande wa wasichana.

Na wapeleke, Ustadh. Usije ukasoma haya yote ukaahirisha. Wakifika huko, tenga asubuhi moja ya Shimba Hills. Ndani ya hifadhi ile wanaishi palahala, wale swara weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, na Kenya nzima hawapatikani porini penginepo. Mtembee na askari wa wanyamapori mwenye silaha, kwa sababu ya ndovu na nyati, mpaka maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21. Kuna mtoto katika wale 40 ambaye hajawahi kusikia msitu ukinyamaza. Nataka ausikie.

*Shangazi, binti yangu wa miaka 13 yumo katika safari ya shule ya kulala kambini, na siku zake zinaangukia tarehe hizo hizo. Nimzuie?*
*Mama, Tudor*

Usimzuie hata kidogo, mwanangu. Mtilie pedi za kutosha na nyingine za akiba, suruali ya rangi nyeusi, sabuni, na mifuko ya kufungia zilizotumika. Mwalimu wa kike aambiwe mapema, na wewe mwenyewe, usimwachie mtoto kazi hiyo. Muulize mwalimu huyo mambo mawili: mlango wa choo una komeo kwa ndani, na mna pipa lenye kifuniko? Kama hakuna pipa, la plastiki dogo linaingia kwenye buti la basi.