Viwanja vya Motokrosi Uingereza: Angalia Udongo Kabla ya Jina

Waendeshaji wanaohamia Uingereza, au wanaopanga kuja kwa msimu mmoja na pikipiki ya motokrosi, yaani ya mbio za kwenye njia za udongo zenye matuta na miruko, huniuliza swali lilelile: ni uwanja upi ulio bora zaidi? Jibu langu halijabadilika kwa muda mrefu. Uwanja bora ni ule ambao udongo wake unaendana na hali ya hewa ya juma hilo na kiwango chako cha uendeshaji. Sifa yake katika historia ya mchezo huja baadaye. Nchi hii si kubwa, lakini kwa mwendo wa saa chache katika barabara kuu unaweza kutoka kwenye mchanga mzito wa South Yorkshire hadi kwenye chaki nyeupe ya Hampshire, yaani udongo wa mawe laini ya chokaa, na kila udongo unadai tairi lake, urekebishaji wake wa shoki na mwili uliozoea kazi yake. Aliyekulia kwenye udongo mkavu wa Jamhuri jijini Nairobi au wa Busiika nchini Uganda atakuwa na kasi nzuri angani na kwenye kona ngumu, lakini bado atalazimika kujifunza upya mambo mawili ambayo hapa hayakwepeki, nayo ni mchanga mzito na matope.

Kabla ya kutaja viwanja, inafaa kueleza kwa nini mageti yake hufunguliwa kwa nadra, maana jambo hili humsumbua kila mgeni. Sheria ya mipango miji ya England, kwa agizo la mwaka 2015, inamruhusu mwenye shamba kulitumia kwa shughuli ya muda bila kibali maalumu kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka, lakini shughuli ikiwa ni mbio za magari au pikipiki, pamoja na mazoezi yake, siku hizo hushuka hadi 14. Uwanja unaotaka kufunguliwa mara nyingi zaidi ya hapo sharti upate kibali cha halmashauri, na majirani husikilizwa kuhusu kelele. Ndiyo sababu baadhi ya viwanja vyenye majina makubwa hukaa kimya karibu mwaka mzima, huku vingine visivyo na sifa hiyo vikiwa na mazoezi kila juma. Anza kwa kutazama ratiba ya uwanja, kisha ndipo upange safari, kwa kuwa kufika bila miadi ni kupoteza mafuta ya gari.

Mtu anayeanza msimu wake wa kwanza hapa mimi humwelekeza FatCat Motoparc, uwanja ulioko Armthorpe karibu na Doncaster. Ni uwanja wa mchanga, na mchanga una fadhila ambayo huwezi kuithamini mpaka uione Januari ya nchi hii: hunywa maji. Wakati viwanja vya udongo wa mfinyanzi vimefungwa kwa sababu ya matope, mchanga huendesheka muda mfupi baada ya mvua kubwa, na kwa sababu hiyo wengi hujenga afya yao ya msimu mzima katika miezi ya baridi wakiwa hapo. Asubuhi njia huwa imesawazishwa na inadanganya kwa urahisi wake. Kufikia saa saba mchana mchanga umejikusanya katika mawimbi marefu, mistari yote ya asubuhi imehama, na kona zina matuta mapya ambayo hayakuwepo ulipokagua njia kwa miguu.

Pikipiki kwenye mchanga huongozwa kama mashua: ikikosa mwendo, usukani haufanyi kazi. Simama juu ya vikanyagio, peleka uzito nyuma kidogo, bana tangi kwa magoti, na uendelee kuvuta mafuta hata pale silika inapokuambia uyaachie, kwa sababu gurudumu la mbele likipungukiwa na mwendo huzama, na likizama hujigeukia lenyewe. Ukitaka kupunguza kasi kabla ya kona, achia mafuta taratibu na uguse breki ya mbele kwa kiasi kidogo sana, maana mchanga wenyewe tayari ni breki. Macho yaende mbali, kwenye wimbi la tatu au la nne, kwa kuwa lile lililo chini ya gurudumu limekwisha kuamuliwa. Mikono hujaa haraka mno kwa mgeni, hivyo nashauri vipindi vifupi vya dakika 10 hadi 15 badala ya kung'ang'ania kipindi kirefu ambacho nusu yake utaiendesha kwa vidole visivyoweza kushika klachi.

Vifaa navyo huliwa na mchanga kwa kasi inayoshangaza. Pedi za breki zilizokuwa nzima asubuhi zinaweza kufika kwenye chuma kabla ya siku kwisha, hasa ikiwa mchanga umelowa, na mnyororo uliokazwa sana hukatika au huharibu beringi. Beba chujio la hewa la pili lililokwisha kupakwa mafuta, ulifunge mchana, na uwe na pedi za akiba. Kwa gurudumu la nyuma, tairi lenye safu za meno marefu yanayochota mchanga litakupa msukumo ambao tairi la udongo wa kawaida haliwezi kukupa. Hata hivyo, usilitumie kwenye uwanja mgumu, kwa sababu meno hayo hupinda na kung'oka.

Mchanga mwingine wa kutafuta ni ule wa Hawkstone Park, Shropshire, na hapa sifa ya uwanja ni ya haki kabisa. Salop Motor Club wameutunza kwa miongo mingi, na tangu miaka ya 1950 umekuwa miongoni mwa viwanja vya Grand Prix, yaani mbio za ubingwa wa dunia, vilivyojulikana zaidi Ulaya. Kinachouweka moyoni mwa kila aliyeupanda ni kilima chake. Picha hazionyeshi ukali wake. Ukiwa chini unaona ukuta wa mchanga wenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu, na huna muda wa kubadili mawazo. Chagua mfereji wako kabla ya kuanza kupanda, ingia ukiwa na gia inayoweza kukufikisha juu bila kubadilisha, halafu uusogeze mwili mbele ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Anayeachia mafuta katikati hushuka kwa miguu akiivuta pikipiki yake, huku wenzake wakimpita. Siku za wazi hapo ni chache, na ningemshauri mtu avumilie mpaka aipate moja, hata kama itamlazimu kuahirisha mambo mengine. Kwa miaka mingi pia mashindano ya kimataifa ya kabla ya msimu yamefanyika hapo mwezi wa Februari, na kuyatazama ukiwa umesimama kando ya kilima ni darasa tosha la kuchagua mstari.

Mchezo wenyewe ulizaliwa katika nchi hii, jambo ambalo Wabelgiji na Wamarekani kwa ushindi wao mwingi wametufanya tulisahau. Mbio zinazotajwa kuwa za kwanza za aina hii ziliandaliwa Camberley, Surrey, mwezi wa Machi 1924, na mshindi wake alikuwa Arthur Sparks. Baadaye Jeff Smith alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la injini za cc 500 mwaka 1964 na 1965 akiwa juu ya pikipiki ya BSA, na Dave Thorpe akautwaa mara tatu akiwa na Honda, mwaka 1985, 1986 na 1989. Nayataja haya kwa sababu mabingwa hao walilelewa na viwanja vya asili vya kupanda na kushuka, na viwanja vya namna hiyo bado vipo kwa anayevitafuta.

Upande wa kusini, udongo hubadilika kuwa chaki. Anayeishi London ana bahati ya kuwa na Canada Heights, karibu na Swanley, Kent, uwanja wa klabu ya Sidcup, ambao umeandaa raundi nyingi za ubingwa wa Uingereza. Njia yake inapanda na kushuka kwenye miteremko ya asili, mawe ya gumegume hujitokeza juu ya udongo, na kona zake nyingi zimeinama upande usiokusaidia. Kwa maoni yangu hakuna uwanja unaofundisha udhibiti wa mafuta na klachi vizuri kuliko huu. Chaki ikiwa kavu inashika vizuri ajabu; ikipata manyunyu machache tu, tabaka lake la juu huteleza vibaya na breki ya nyuma inakuwa adui. Mvua ikinyesha siku ya safari, nenda na tairi la udongo laini, ila pandisha upepo hadi paundi 14 hivi kwa inchi ya mraba ili mawe yasiutoboe mpira wa ndani, ingawa kwenye mchanga 12 zingetosha.

Matterley Basin, karibu na Winchester, ndio uwanja ambao kila mtu ameuona kwenye televisheni. Ni bonde la asili lenye umbo la bakuli, ambamo mtazamaji akisimama ukingoni anaona karibu njia yote, na huko ndiko mashindano ya mataifa ya motokrosi yalikofanyika mwaka 2006, Marekani waliposhinda, mwaka 2017, Ufaransa waliposhinda, na mwaka 2024, Australia waliponyakua taji hilo. Lakini lazima niseme wazi: Matterley si uwanja wa mazoezi ya kila juma. Hujengwa na kufunguliwa kwa matukio makubwa, na miruko yake imepimwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwa kazi hii. Nenda ukatazame. Vivyo hivyo Foxhill, karibu na Swindon, ambako mashindano hayohayo ya mataifa yalifanyika mwaka 1998 katika matope mazito na Ubelgiji wakashinda, ni kilima cha kuendea mbio zinapotangazwa. Ukipata nafasi ya kushiriki mbio za klabu kwenye kilima hicho, usiikatae, kwa kuwa miteremko yake mirefu huonyesha haraka kama shoki zako za mbele zimerekebishwa vizuri.

Mashariki nako kuna hazina isiyosemwa sana. Norfolk ni mkoa wa tambarare, lakini kijiji cha Lyng kina Cadders Hill, uwanja wenye miinuko mikali ambayo mgeni haitarajii kabisa. Suffolk ina Blaxhall, na Essex ina Wakes Colne. Culham, kule Oxfordshire, unafaa kwa walio katikati ya nchi. Farleigh Castle, mpakani mwa Wiltshire na Somerset, ni uwanja mpana wa zamani uliowahi kupokea Grand Prix, na mteremko wake mkubwa unapaswa kuushuka walau mara moja. Kwa upande wa Uskoti nenda Duns. Kwa Wales, Rhayader, ambako mandhari pekee yanatosha kulipia safari, japo mvua ya huko haina adabu.

Sasa mambo ya taratibu, ambayo nayasema kwa mkazo kwa sababu ndiyo yanayowafukuza watu siku ya kwanza. Pikipiki ya motokrosi isiyosajiliwa haiendeshwi barabarani wala kwenye ardhi ya umma, hata kama ni mita chache kutoka nyumbani hadi kichochoroni; polisi wana mamlaka ya kuikamata kwa sheria ya mwaka 2002. Isafirishe kwa vani au tela. Kwa mbio utahitaji uanachama na leseni ya chombo kinachosimamia tukio husika, ama Auto-Cycle Union, iliyoanzishwa mwaka 1903, ama AMCA, na leseni ya mmoja si lazima itambuliwe na mwingine, hivyo uliza klabu kabla ya kulipa. Kelele hupimwa, na ekzosi iliyochoka inaweza kukunyima siku nzima. Badilisha sufi ya ndani ya bomba kabla ya msimu. Jifunze bendera: ya njano ikipeperushwa hakuna kuruka wala kupita mtu, ya bluu inakutaka umpishe aliyekutangulia kwa mzunguko mzima, na nyekundu inamaanisha simamisha mwendo. Kwenye mazoezi jiandikishe katika kundi la kiwango chako halisi, kwa kuwa kundi la wenye kasi lina watu wanaotegemea mstari wako utabirike, na maisha yao yamo mikononi mwako pia. Mwezi wa Desemba panga kuwasha injini mapema, maana jua huzama karibu saa kumi jioni.

Mchanga ukishakuingia damuni, lenga Weston-super-Mare, Somerset, mwezi wa Oktoba. Mbio hizo za ufukweni zilianzishwa mwaka 1983, na mbio kuu ya watu wazima huchukua saa tatu katika milima ya mchanga inayochimbwa na matingatinga kwa ajili ya tukio hilo, mamia ya waendeshaji wakianza pamoja, bingwa wa kimataifa na fundi wa kawaida katika njia moja. Hakuna kitu kinachofanana nazo katika kalenda ya Uingereza, na mwendeshaji wa kiwango cha kati aliyejiandaa FatCat majira yote ya kiangazi anaweza kuzimaliza kwa heshima. Jizoeze kuendesha kwa zaidi ya saa moja bila kupumzika, panga mtu wa kukujazia mafuta, fungasha miwani ya akiba kwenye eneo la mafuta, na uanze pole pole, kwa sababu msongamano mkubwa hutokea kwenye vilima vya mwanzo na anayetafuta njia pembeni hupata zaidi kuliko anayesukumana katikati. Jioni hiyohiyo, kabla ya kula, osha pikipiki kwa maji mengi yasiyo na chumvi, fungua beringi za magurudumu na za mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kisha zipake grisi mpya, maana chumvi ya bahari haisubiri mpaka kesho.